Kamera Isizimwe

Ipo nchi moja, nanyi msiniulize iko wapi, kwa kuwa yenyewe haipendi kuulizwa. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri hamsini na wanane, na ina filamu moja. Nyingine zilipigwa marufuku ili hiyo moja isipate wivu. Inaitwa Ng'ambo ya Majivu, na inaonyesha jinsi wakoloni walivyokichoma moto kijiji na jinsi Kiongozi, enzi hizo kijana mwembamba, alivyotokea kilimani akawakomboa watu. Kweli, siku za ukombozi Kiongozi alikuwa ughaibuni akisomea ukarani, lakini hilo ni jambo dogo, na wanaolijua wamezoea kutolijua.

Watu wa nchi hiyo waliipenda filamu yao, na nasema hivyo bila mzaha. Kila Siku ya Uhuru ilionyeshwa viwanjani, na umati ulitamka maneno pamoja na waigizaji, neno kwa neno, kama watu walio ibadani. Kipande kilichopendwa kupita vyote ni kile cha dakika ya arobaini na saba. Mwanamke anakimbilia nyumba inayowaka, askari wawili wanamshika mikono, naye anapaza sauti huku machozi yakimbubujika: "Uhuru u njiani!" Hapo nchi nzima ililia. Sura ya mwanamke huyo ilichapwa kwenye stempu, kwenye mifuko ya saruji, na kwenye kanga zilizoandikwa MACHOZI YA MAMA NI MBOLEA YA TAIFA. Wakamwita Mama Anayelia.

Jina lake hasa ni Sikudhani binti Mfaume. Ni mfinyanzi wa vyungu katika kijiji cha Kisewe, hukohuko filamu ilikopigwa miaka thelathini iliyopita, naye hajaigiza hata siku moja katika maisha yake.

Mambo yalikuwa hivi. Watu wa filamu walifika Kisewe na malori, wakajenga nyumba sita za mbao na maboksi pembeni mwa kijiji ili wazichome. Walipozichoma, mwongozaji akasikitika kwamba maboksi yanaungua bila hisia. Siku ya pili wanakijiji wote waliitwa uwanjani kujipanga kama umati. Sikudhani aliuliza kama moto utafika upande wa kwao, maana mama yake, Bi Mwanjaa binti Shomari, alikuwa amepooza kwa kiharusi na hawezi kunyanyuka kitandani. Akaambiwa atulie, upande wa kwao haumo kwenye mpango. Mpango ulibadilishwa baada ya chai. Alipoona moshi unatoka kwenye paa alilolijua, alikimbia, na wanajeshi wawili waliovalishwa sare za kikoloni wakamdaka. Wakamshikilia mpaka paa likaanguka.

Hayo ndiyo machozi ambayo nchi ile inayapenda.

*

Mazishi yalihitaji kibali cha maziko, kibali kilihitaji cheti cha kifo, na bila cheti matanga yanahesabiwa kuwa mkusanyiko usio halali. Basi Sikudhani alikwenda mjini, kwenye Ofisi ya Vizazi na Vifo, dirisha namba nne. Karani akapokea maelezo, akapekua waraka, akamjulisha kwa upole kwamba waliofariki ndani ya filamu si marehemu, ni wahusika, na wahusika hawaandikishwi. Na kama mtu huyo hakuwa mhusika, basi hakuwemo ndani ya filamu, na kama hakuwemo, hakuungua.

Alirudi mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata tena. Makarani walibadilika. Kwa miaka kumi na tisa ya mwisho aliyekaa dirishani alikuwa Bwana Ndaki, mtu mkimya mwenye mafua yasiyoisha, ambaye alimjua Sikudhani kwa hatua zake na kuanza kutikisa kichwa kabla hajafika kwenye kaunta. Wakati huo wote Bi Mwanjaa aliendelea kuwa raia mwema. Alipiga kura katika chaguzi sita. Alichagua chama tawala kila mara, na mara moja alipewa barua ya pongezi kwa kuwahi foleni.

Mifupa yake michache ilikuwa ndani ya chungu ambacho binti yake alikifinyanga mwenyewe. Kilikaa uvunguni. Miaka thelathini watu wa Kisewe waliingia nyumba ile na kutoka, wakanywa uji, wakacheka, lakini hakuna aliyewahi kumwambia pole, kwa sababu pole nayo ilikuwa mkusanyiko, ikisemwa na zaidi ya watu wawili.

*

Filamu ilipotimiza miaka thelathini, Wizara ya Furaha na Kumbukumbu iliamua kutengeneza filamu nyingine, ya kuwaonyesha wananchi jinsi filamu yao pendwa ilivyotengenezwa: nani alishona sare, nani alipika chai, ngamia alitolewa wapi. Waziri wa wizara hiyo ni Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Lutengano Mbwilo, ambaye siku za kupiga filamu alikuwa msaidizi wa mwongozaji. Juu ya mlango wa wizara yake pana maneno ya shaba, KAMERA ISIZIMWE. Watumishi huyatamka kila asubuhi wakiwa wamesimama wima, ingawa ukiwauliza maana yake watakuambia ni mambo ya uzalendo.

Aliyetumwa Kisewe alikuwa Bwana Zuberi Tungaraza, mtengenezaji wa filamu fupi za serikali, mtu mwenye fulana yenye mifuko mingi isiyo na kitu. Akamkalisha Sikudhani mbele ya tanuri la vyungu, akamwashia taa mchana kweupe, akamwomba awaeleze wananchi siri ya machozi yale.

Sikudhani akaeleza. Alianza na chai, akaenda kwenye moshi, kwenye paa, kwenye mikono ya wale wanajeshi, ambayo mmoja wake ulikuwa na pete iliyomchana. Akaeleza pia kile alichokisema, kwa sababu hakusema habari za uhuru. Alisema, "Mama yumo ndani!" Maneno mengine walimbandika baadaye huko studio, kwa sauti ya mwanamke asiyemjua. Alizungumza karibu saa nzima bila kupandisha sauti. Mtu wa kinasa sauti alivua vipokea sauti vya masikioni akaenda kusimama nyuma ya mgomba.

Bwana Tungaraza alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunjua karatasi.

"Bi Sikudhani, mimi natumwa tu," alisema. "Jibu lako limeshapitishwa na kamati. Machozi yale yalitokana na kitunguu."

"Kitunguu gani?"

"Kitunguu maji. Kamati ilijadili pia kitunguu saumu, ikaonekana hakiaminiki."

Sikudhani akanyanyuka kwenda kuchochea tanuri. Tungaraza akampigia simu Waziri, akasogea kando, akaongea akiinamainama kana kwamba simu inamwona. Alirudi na habari njema. Mheshimiwa amesema kwamba Mama Anayelia akisema kitunguu, siku ya uzinduzi atapewa cheti jukwaani, mkononi, mbele ya taifa. Sikudhani akauliza kama ni cheti cha mama yake. Tungaraza akauliza simu. Simu ikajibu: cheti.

Aliomba siku moja ya kufikiri. Akamwendea jirani yake Bi Chausiku, ambaye nyumba yake nayo iliungua siku ileile, pamoja na mbuzi wanne na mahari ya binti yake. Bi Chausiku aliendelea kumenya mihogo. Kisha akamwambia kwamba maneno ni upepo na karatasi ni karatasi, na yule aliye uvunguni amechoka kukaa uvunguni.

Kesho yake Sikudhani alisema kitunguu. Alikisema mara kumi na moja, kwa sababu mara kumi za kwanza hakutabasamu. Tangu siku hiyo hakupikia tena kitunguu.

*

Uzinduzi ulifanyika katika Ukumbi wa Taifa saa nne asubuhi, kwa kuwa Kiongozi akishapata chakula cha mchana huwa hana uhakika wa jambo lolote. Hata hivyo hakuja mwenyewe. Ililetwa picha yake kubwa, ikakalishwa kwenye kiti cha mbele na kufungwa mkanda, na wageni walipita mmoja mmoja kuisalimu. Watu wa Kisewe waliletwa kwa basi la wizara na kuketishwa nyuma kabisa, wakiwa wamevalishwa kanga mpya za Mama Anayelia, kwa hiyo Sikudhani alipoingia aliona sura yake ikilia vifuani mwa majirani zake wote.

Waziri alihutubia. Alisema kwamba nchi isiyojua jinsi filamu zake zilivyotengenezwa ni kama kuku asiyejua yai lilikotoka. Alisema kwamba nchi za ng'ambo zimeomba kuja kujifunza mbinu ya kitunguu. Alisema mengi, na kila alipovuta pumzi watu walipiga makofi wakidhani amemaliza.

Kisha taa zikazimwa, filamu ya kutengenezwa kwa filamu ikaanza. Ikaonyeshwa cherehani iliyoshona sare. Akaonyeshwa mjane wa yule aliyemlisha ngamia. Akatokea Sikudhani mwenyewe mbele ya tanuri, akisema kitunguu na kutabasamu, na ukumbi ukacheka kwa mapenzi. Yeye alitazama chini. Alijiambia ni karatasi tu, avumilie mpaka karatasi.

Halafu akatokea Waziri kwenye pazia la filamu, ameketi mbele ya rafu ya vitabu ambavyo bado vilikuwa ndani ya nailoni, akisimulia kwa furaha siku ile kuu. "Mwongozaji aliingiwa na woga," alisema. "Akaniambia, Lutengano, huyu mama anapiga kelele kuna mtu ndani, tukate. Nikamwambia, bwana, huoni anavyoigiza? Kamera isizimwe!" Akacheka, tumbo likacheka naye. "Dakika tano nzima. Kama ningesikiliza woga, taifa lingekosa chozi lake."

Ukumbi ulipiga makofi. Sikudhani hakusikia makofi hayo.

Miaka thelathini alikuwa ameamini kwamba hawakumsikia. Moto ulikuwa na kelele, watu walikuwa wengi, mashine ya umeme ilikuwa inanguruma; alijilaumu hata yeye, kwamba labda sauti yake ilikuwa ndogo. Kumbe walisikia. Walisimama pale, wakaongea habari yake kama watu wanaoulizana kama mvua itanyesha, wakati paa lilikuwa bado liko juu. 

*

Aliitwa jukwaani. Waziri akamkabidhi cheti ndani ya fremu ya dhahabu. Sikudhani anajua kusoma, akasoma palepale: MLIAJI BORA WA TAIFA, DARAJA LA KWANZA.

Kabla hajafungua mdomo, Waziri alitangaza kwamba yapo maneno ya wachochezi kuhusu mzazi wa Mama Anayelia, na kwamba leo maneno hayo yanazikwa. Akaashiria pembeni. Wauguzi wawili wakasukuma kiti cha magurudumu, na ndani yake ajuza mwenye umbo dogo na kilemba kipya. Waziri akasema huyu hapa Bi Mwanjaa binti Shomari, miaka mia na nne, mpiga kura mwaminifu, mzima wa afya. Ukumbi ukasimama kwa shangwe. Wapo waliolia.

Sikudhani akamwinamia yule bibi. Hakumchukia. Aliona mikono inayotetemeka na macho yenye ukungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Ajuza akamvuta karibu, akamnong'oneza: "Nisamehe. Wamenitoa nyumba ya wazee. Wamesema nikikubali jina watanipa miwani."

Sikudhani akaweka fremu sakafuni, akatwaa kipaza sauti mkononi mwa Waziri kama mtu anavyompokea mtoto kisu.

"Mama yangu aliungua," alisema. "Nilisema yumo ndani, na huyu alinisikia. Amelisema mwenyewe sasa hivi, nanyi mmempigia makofi. Sikulia kwa kitunguu, na sikusema uhuru. Nilisema, Mama yumo ndani."

Wananchi wakapiga makofi tena. Walidhani ni igizo. Mtu mmoja safu ya tatu alimwambia mkewe kwamba kweli kipaji hakizeeki.

Waziri angeweza kunyamaza, na nchi ile ingeendelea kulala. Lakini alikuwa profesa. Akacheka, akasema umri humsahaulisha hata msanii mkubwa maneno yake, na ili kumsaidia, akaamuru kipande cha dakika ya arobaini na saba kionyeshwe, tena polepole, sura ijae pazia lote, kila mtu ajionee Mama alichokisema.

Kikaonyeshwa. Midomo ya Sikudhani wa miaka ishirini na minane ilikuwa mikubwa kama milango. Sauti ikasema: uhuru u njiani. Sasa, ndugu msomaji, lijaribu mwenyewe. Tamka uhuru. Midomo haikutani hata mara moja. Tamka mama yumo. Inakutana mara tatu. Kwa miaka thelathini nchi nzima iliitazama ile midomo ikifunga na kufunguka, mama yumo, mama yumo, na masikio yao yakayashinda macho yao. Siku ile kipande kilikwenda polepole mno. Makofi yalianza, yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja, naye akajikuta peke yake, akaficha mikono mapajani.

Katikati ya kimya kile watu waliona midomo yao wenyewe inatembea. Walikuwa wanajaribu.

Sikudhani akashuka jukwaani. Akatandika kanga yake sakafuni, mbele ya kile kiti chenye picha, akaketi, akanyoosha miguu kama wanavyoketi waliofiwa. Hakulia. Wa kwanza kumfuata alikuwa yule ajuza, ambaye aliwaambia wauguzi wamshushe, nao wakamshusha. Bi Chausiku akaja kutoka nyuma, na Kisewe nzima nyuma yake. Halafu mke wa yule bwana wa safu ya tatu akavua viatu. Hapo ndipo walinzi walipochanganyikiwa, kwa maana walikuwa na amri ya kuwapiga wanaosimama, wanaopiga kelele na wanaoandamana, lakini hawakupewa amri yoyote juu ya watu waliokaa chini wakasema pole.

"Pole, Sikudhani," mtu wa kwanza alisema, na wa pili, na wa tatu. Alihesabu mpaka arobaini, akaacha kuhesabu.

*

Walikaa siku tatu. Watu wa mjini walileta uji, walileta mikeka. Waziri alijaribu kuzima umeme, akagundua kwamba matanga hayatumii umeme. Siku ya nne ukumbi ulihitajika kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya Kiongozi, na picha yake ilikuwa bado imefungwa mkanda katikati ya wafiwa, na hakuna aliyethubutu kuwaruka wafiwa kwenda kuifungua. Ndipo Ofisi ya Vizazi na Vifo ilipomtuma Bwana Ndaki na kitabu chake.

Alikuja na karatasi iliyokwisha kujazwa na wakubwa. Tarehe ya kifo: siku tatu zilizopita. Sababu ya kifo: furaha kupita kiasi wakati wa uzinduzi. Akachuchumaa mbele ya Sikudhani, akamkabidhi.

Sikudhani akaisoma, akamrudishia. "Hii ni ya mtu mwingine," alisema. "Huyo wenu bado yu hai, amekaa hapa anakunywa uji."

Bwana Ndaki akapangusa pua. Yeye naye alikuwa ukumbini siku ile, viti vya juu, na tangu hapo, hata akiwa ofisini, midomo yake ilikuwa ikitembea yenyewe. Akaikunja ile karatasi. Akatoa mkobani karatasi tupu, akaiweka juu ya kitabu, akamwonyesha kwa kidole mstari ulioandikwa kwa herufi ndogo, kwamba sababu ya kifo itaandikwa na mleta taarifa. Akampa kalamu.

Sikudhani aliandika tarehe ya miaka thelathini nyuma. Kisha akaandika polepole, kwa mwandiko wa darasa la nne: Alichomwa moto kitandani mwake, akiwa hai, ili filamu ipendeze. Walisikia.

Karani akaisoma mara mbili. "Mama, miaka kumi na tisa," alisema, na hakumaliza. Akapumulia muhuri, akaugonga. Na katika nchi ile, kwa mujibu wa Katiba, muhuri wa Jamhuri haukosei.

Bwana Ndaki alihamishiwa Idara ya Kuhesabu Mawingu, ambako nasikia mafua yake yamepungua. Waziri hakufukuzwa, alipandishwa, akawa balozi katika nchi ya baridi anakofundisha mbinu ya kitunguu. Bi Mwanjaa alizikwa Kisewe, chungu na vyote, juani, watu wakipokezana jembe. Yule ajuza hakurudishwa nyumba ya wazee. Anaishi kwa Sikudhani, na miwani alinunuliwa na Bi Chausiku.

Filamu bado inaonyeshwa kila Siku ya Uhuru. Ila dakika ya arobaini na saba ikifika, serikali hukata, ikaweka picha ya maua na muziki wa bendi kwa dakika tano. Mwaka wa kwanza, yale maua yalipotokea, watu katika kiwanja kimoja cha wilaya waliondoka kwenye viti vyao wakakaa chini, wakanyoosha miguu. Mwaka wa pili ikawa viwanja vyote. Mwaka huu umetolewa waraka unaowataka raia kuitazama filamu yao wakiwa wameketi vitini, migongo ikiegemea, na faini imetajwa. Nilikuwepo uwanjani. Maua yakatokea, bendi ikaanza kupiga, na polisi waliokuja na waraka mkononi wakatazama huku na huku, wakiwa peke yao waliosimama.